Barua ya wazi: Picha za satelaiti za mto Kagera mnazo, tutumieni ujumbe

Kwa Mheshimiwa mkuu wa ofisi ya maji ya eneo letu,

Salaam, Mheshimiwa. Naandika hadharani kwa sababu barua tatu nilizoleta ofisini kwako kwa mkono zilipigwa mhuri, na sijajibiwa hata moja.

Alfajiri ya Jumanne iliyopita nilikwenda kwenye vizimba vyangu vya samaki ziwani nikakuta sato wanaelea matumbo juu. Vizimba vitatu kati ya vinne. Walikuwa wamebakiza wiki mbili tu wavuliwe. Maji, ambayo Jumamosi yalikuwa ya kawaida, yamekuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa, na magugu maji yametapakaa juu yake. Mimi, mke wangu na vijana wawili tuliwatoa kwa makarai hadi adhuhuri, tukawafukia. Mkopo wa chakula chao bado nadaiwa. Karo ya watoto ilikuwa humo humo majini.

Sisi wa mdomo wa Kagera tunaujua mto huu. Unaanzia milima ya Rwanda na Burundi, unapita Tanzania, unaingia ziwani hapa kwetu Uganda, na hakuna mto mkubwa kuuzidi unaoingia Ziwa Viktoria. Mvua ikinyesha kule juu, udongo wa mashamba unateremka kwetu pamoja na magugu. Mwaka 1994 uliteremsha miili ya waliouawa Rwanda, na watu wa Kasensero ndio walioiopoa na kuizika. Kila kinachotokea juu kinatufikia, na kinatufikia bila taarifa.

Nikukumbushe, Mheshimiwa. Mwaka jana ulisimama kwenye mwalo wetu ukatueleza habari za satelaiti, na ulieleza vizuri. Ulisema maji yenye tope hurudisha mwanga mwekundu mwingi na yenye mwani hurudisha kijani, kwa hiyo rangi ya ziwa inasomeka kutoka angani. Ulituonyesha kwenye simu ulimi wa maji ya kahawia ukitoka mtoni na kujikunja kando ya ufuo. Ulisema wataalamu wa bahari huufuatilia hivyo hivyo mto Sabaki unavyotia tope maji ya Malindi, Kenya. Ukaahidi kwamba ulimi ukirefuka tutapata ujumbe kwenye simu. Tulipiga makofi. Namba yangu ni ya saba kwenye karatasi yako.

Haujaja ujumbe hata mmoja.

Nimeulizia. Picha za Sentinel-2, satelaiti za Ulaya, hazilipiwi, na satelaiti zake hupita kila siku tano. Za Landsat, satelaiti za Marekani, ni bure tangu 2008. Uganda yenyewe ilirusha satelaiti yake, PearlAfricaSat-1, mwaka 2022, kwa hiyo vijana wa kazi hii tunao. Najua msimu wa mvua, wakati mto unafurika, ndipo mawingu huziba picha. Najua satelaiti huona maji ya juu tu, haipimi oksijeni ya chini. Ndiyo maana tulijitolea: mitumbwi tunayo, tutashusha kisahani cheupe na kuandika kina kinapopotelea, ili tupime tope, tutachota maji kwenye chupa siku satelaiti inapopita. Mtu wa ofisi yako alisema ataleta vifaa. Mpaka leo hajaleta.

Mimi naamini ni tope lililoua samaki wangu. Huenda pia ni mwani ulioshiba mbolea ya mashamba ukaoza na kumaliza oksijeni usiku, au upepo uliopandisha maji ya chini yasiyo na oksijeni. Nani atajua, ikiwa hakuna aliyepima? Sangara walipokufa kwa wingi kuanzia mwisho wa 2020, tuliambiwa ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba. Sawa, lakini jibu lilikuja samaki wameshaoza ufukweni. Ningejua siku mbili kabla, ningesimamisha chakula, ningevua mapema hata kwa bei ya hasara, ningevivuta vizimba mbali na ulimi ule.

Nilitaka kukudai fidia, na wenzangu wanataka niidai. Nimeiacha. Naomba ujumbe tu, Mheshimiwa. Mvua bado zinanyesha huko juu, na kizimba kimoja kimebaki na samaki hai. Picha ya juzi ikifunguliwa leo ofisini kwako, tutumieni ujumbe leo.