Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: ushauri nasaha ufike kijiweni

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Yah: Ushauri nasaha kwa wanaume na vijana

Shikamoo. Mimi ni katibu wa kijiwe cha bodaboda hapa Mwanjelwa, Mbeya. Naandika majina ya wanachama na kukusanya michango ya misiba na ajali, kwa hiyo mtu akianza kubadilika huwa naona mapema. Michango inakatika, utani unakwisha, pombe inaanza asubuhi. Ukimuuliza, yuko poa.

Dereva wa pikipiki ya mkataba anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Akipungukiwa anakimbilia mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kisha anachukua mwingine wa kulipia ule wa kwanza. Mke hajui. Tangu utotoni kaambiwa mwanaume halii, na sisi wenzake hatuna dawa zaidi ya "jikaze kisabuni, mwanangu" na bia moja ya kumpoza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, hiyo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo.

Utasema huduma zipo. Ni kweli, lakini huku mtaani jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, limegeuka tusi. Kijana mwenye sonona hawezi kukubali apangwe foleni ya ugonjwa anaotaniwa nao kila siku, tena saa nne asubuhi, wakati kila saa anayokaa foleni inakatwa kwenye hesabu yake.

Mheshimiwa, jambo hili tumewahi kulifanya. Aibu ya UKIMWI ilikuwa kubwa kuliko hii. Vilikuja vituo vya Angaza vya ushauri nasaha na kupima virusi vya UKIMWI, watu wakazoea kusema "nimekwenda angaza" bila kunong'ona. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete akapima hadharani pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Washauri nasaha tuliwapata wakati ule kwa sababu nchi iliamua kuwafundisha. Zimbabwe nao, tangu 2006, wanawafundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza, na mtindo huo umeshafika Zanzibar. Si jambo la mabilioni.

Ila kuna kizuizi ambacho mshauri peke yake hakiondoi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Familia inayomkimbiza kijana wake hospitali inamuwaza polisi kabla ya daktari, ndiyo maana wengine hudanganya kilichotokea, na daktari anatibu uongo. Kijana anatibiwa tumbo, anarudishwa nyumbani kwenye madeni yaleyale. Wenzetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Najua sheria si ya wizara yako, lakini wewe ukisema kwamba huyu ni mgonjwa, nani atabisha?

Naomba basi vituo vya afya viwe na mshauri wa jioni, hata siku mbili tu kwa wiki. Naomba viongozi wa vijiwe tufundishwe kumtambua mwenzetu aliyezidiwa na kumfikisha kwa mshauri huyo. Naomba na namba 199 ya wizara yako, ya kupiga bure, iwe na mtu anayejua kusikiliza saa sita usiku. Mabango ya watu wanaotabasamu tunayo ya kutosha.

Ukipenda kuja kutusikia wenyewe, njoo kati ya saa nane na saa kumi mchana, abiria wakiwa wachache. Asubuhi na jioni hutatukuta.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Katibu, kijiwe cha bodaboda, Mwanjelwa, Mbeya

Nakala: Waziri wa Katiba na Sheria