Stika Imeota Ukungu: Kosa si la Stika

Boksi la viatu likiingia dukani kwetu, tunakochapisha stika za modeli, tunajua ndani mna manowari ya modeli. Wiki iliyopita lilikuja na mzee mmoja, baharia mstaafu, aliyeichonga KNS Nyayo, meli ya kivita ya Kenya, kwa mikono yake kwa kipimo cha 1/350, yaani ndogo mara 350 kuliko meli halisi. Urefu wake ni kama sentimita 16, mlingoti ni wa sindano na kamba ni za uzi wa nailoni. Kazi ya mtu mwenye subira. Taabu ilikuwa ubavuni. Namba ya meli, P3126, ambayo tulimchapishia sisi wenyewe, ilikuwa imezungukwa na pembe nne yenye weupe wa fedha, kama gamba la samaki lililokaukia juu ya rangi ya kijivu.

“Mwanangu, mmeniuzia stika mbovu,” alisema kabla hata ya kuketi.

“Shikamoo mzee. Hebu itazame kwa kioo hiki.”

Alipoiweka chini ya kioo cha kukuzia akanyamaza. Chini ya utando wa stika palikuwa na viputo vya hewa vidogo kuliko simsim, mamia yake, vimebanwa hapo havina pa kutokea. Stika ilikuwa nzima. Kilichomponza ni rangi aliyoipaka chini yake.

Tunaandika haya kwa sababu malalamiko hayo tunayapata kila mara, na wenye meli hutuletea zaidi kuliko wenye magari au ndege. Sababu ni nyepesi. Manowari halisi haing'ai, kwa hiyo mtengenezaji anaanza na rangi ya kijivu iliyofifia. Rangi ya aina hiyo, ukiikuza, ni kama mwamba wa matumbawe bahari ikikupwa: mashimo na vilima vitupu. Stika ya maji, ile inayolowekwa kabla ya kubandikwa, ni utando mwembamba unaolalia juu ya vilima, na hewa inabaki mashimoni. Mwanga ukiipiga ile hewa, jicho linaona ukungu mweupe. Gari la modeli lina rangi laini inayong'aa tangu mwanzo, ndiyo maana mwenye gari hajui hata tunazungumzia nini.

Dawa yake ni kuziba mashimo kwanza. Rangi ikishakauka, paka vanishi ya kung'aa mahali stika itakapokaa. Afadhali meli nzima, ili isibaki na mabaka. Iache mpaka kesho yake. Najua inakera kuiona manowari yako ikimeta kama gari la harusi, lakini mwisho wa kazi utapaka vanishi isiyong'aa juu ya kila kitu na kijivu chako kitarudi. Wanaoruka hatua hii kwa haraka ndio wanaorudi na boksi la viatu.

Baada ya hapo, kata stika karibu kabisa na mchoro kwa wembe mpya. Karatasi yetu ina utando kote, hata pasipochapishwa kitu, na ule usiokatwa ndio unaojitokeza kama pembe nne. Itie kwenye maji ya vuguvugu kwa sekunde 15 au 20, kisha itoe uiweke juu ya tishu. Usiiache ielee majini mpaka ijibandue yenyewe, kwani gundi yote itaoshwa. Subiri hadi iteleze ukiisukuma kidogo kwa brashi. Hapo unaipeleka na karatasi yake hadi ubavuni mwa meli, unaitelezesha mahali pake, na unaisogeza ingali na maji chini yake. Ikikaa sawa, nyonya maji kwa ncha ya tishu ukianzia katikati kwenda pembeni. Usisugue.

Kuna dawa mbili tunazouza ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza inapakwa chini, kabla ya stika. Inanuka siki kwa kuwa ina asidi ya siki, na wapo wanaotumia siki nyeupe ya jikoni iliyotiwa maji, na inawafaa. Ya pili inapakwa juu, stika ikishakaa. Hii ina nguvu, inaulainisha utando mpaka unakuwa kama malai juu ya maziwa ya moto, nao unajilaza kwenye kila mshono na kila dirisha. Dakika chache za mwanzo stika itakunjamana na moyo wako utapiga. Usiiguse! Ukiigusa wakati huo imechanika. Iache, itajinyoosha yenyewe ikikauka.

Sasa mambo ya Mombasa, ambayo maelekezo yaliyomo ndani ya boksi hayayajui. Wengi wetu tunatumia maji ya kisima yenye chumvi. Ukilowekea stika humo, maji yakikauka yanaacha doa jeupe linalofanana kabisa na ukungu wa hewa, na mtu anahangaika kwa dawa bure. Tumia maji ya kunywa ya chupa. Kisoda kimoja kinatosha kwa meli nzima. La pili ni unyevu. Vanishi ya kopo la kupuliza ikipulizwa siku ya mvua za masika inaweza kugeuka maziwa palepale, maana inapokauka inaupoza uso wa modeli na unyevu wa hewani unanaswa ndani yake. Sisi wakati huo hatupulizi asubuhi na mapema wala usiku. Tunangoja jua likaushe hewa, na mvua ikikataa kukatika, kazi inalala. Mteja akilalamika tumechelewa, tunamwonyesha ile meli moja tuliyoiharibu mwaka wa kwanza. Bado iko rafuni, nyeupe kama iliyomwagiwa unga wa muhogo.

Kuhusu ukubwa, fanya hesabu kabla ya kuagiza. Herufi yenye kimo cha mita 1 kwenye meli halisi inakuwa karibu milimita 3 kwa kipimo cha 1/350, milimita 1.4 kwa 1/700, na haifiki hata milimita 1 kwa 1/1200. Tunaweza kuichapisha, ila kusomeka ni jambo jingine. Pia printa ya kawaida haina wino mweupe. Ukitaka namba nyeupe juu ya kijivu, haiwezekani kwa mashine ya mtaani, ndiyo sababu stika nyeupe zinachukua muda na bei yake iko juu. Na ukijichapishia nyumbani kwa printa ya wino, pulizia vanishi juu ya karatasi kwanza, la sivyo namba itayeyukia kwenye kisahani.

Agizo tunalolipenda kuliko yote ni la jozi ya manowari za Vita vya Kwanza vya Dunia: Königsberg na Pegasus. Watu huzitaka baada ya kutembelea Fort Jesus na kuona mzinga wa kila moja umewekwa pale. Jumapili ya tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ya Wajerumani ilitoka mtoni Rufiji ikaikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga Zanzibar, mitambo ikitengenezwa. Mizinga ya Pegasus haikuweza kuifikia, nayo ikazama siku hiyohiyo. Königsberg ilirudi Rufiji, na mwisho wake ukawa humohumo tarehe 11 Julai 1915. Kwa kipimo cha 1/1200, Königsberg ina sentimita 9.6 na Pegasus ni kama 8, kwa hiyo zote mbili zinakaa kwenye kiganja.

Kasheshe yake ni bendera. Zote mbili ni nyeupe zenye msalaba. Ya Waingereza ina msalaba mwekundu, ya Wajerumani mweusi wenye tai katikati, na zikiwa na upana wa milimita 4 ndani ya kisahani kimoja cha maji, basi. Kijana mmoja alituletea jozi yake kwa fahari, Pegasus ikipepea bendera ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani. Loweka moja, maliza, ndipo uloweke ya pili. Na kabla ya kubandika hesabu dohani: Königsberg ina tatu, Pegasus mbili.

Bendera isibandikwe juu ya plastiki bapa, itaonekana kama kibao cha duka. Ilaze juu ya karatasi nyembamba ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara au ya chokoleti, ikikauka ikate, iviringishe kwenye mlingoti wa tezi, kisha ikunje kwa ncha ya kibano. Karatasi ya fedha hushika mkunjo, hivyo bendera itabaki kana kwamba kusi inaivuma.

Ukiwa umeshabandika na ukungu umeshatokea, yote hayajapotea. Toboa viputo kwa ncha ya sindano, chovya brashi kwenye dawa ya pili, gusia juu yake na uache inyonywe. Rudia mara mbili tatu. Ya mzee tuliifanyia hivyo mbele yake na sehemu kubwa ikaondoka. Herufi P ilikataa, ikabidi tuibandue kwa utepe na kuweka mpya juu ya vanishi. Kazi ya kurekebisha tunatoza kwa stika, si kwa meli. Ikiwa umeshapuliza vanishi isiyong'aa juu ya ukungu, hapo dawa haipenyi tena, na tutakwambia ukweli kwamba ni kukwangua na kupaka rangi upya upande mzima. Hiyo tunaifanya, lakini si kwa haraka.

Ukituletea meli, iegemeze kwenye boksi kwa vipande vya sponji chini ya mkuku. Usiizungushie pamba. Nyuzi zake hunasa mlingotini, na kuzitoa kunachukua muda mrefu kuliko kubandika stika.