Idadi ya tembo ichapwe pamoja na kiasi cha kukosea

Ndugu Mhariri,

Nafundisha hisabati sekondari hapa Manyoni, na kuna jambo linanikera kila magazeti yanapoandika idadi ya tembo. Inachapwa namba moja tu, kamili hadi mnyama wa mwisho, kana kwamba tembo walipangwa mstari wakahesabiwa. Huku kwetu namba hiyo si mchezo. Tembo wakitoka mapori ya akiba ya Muhesi au Kizigo usiku wakamaliza mtama wa mtu, kesho yake mkutanoni utasikia: "Serikali yenyewe imesema wako maelfu, wapunguzwe!" Namba ikishuka, mkulima huyo huyo anaambiwa tembo wanakwisha, avumilie.

Tazama mfumo ikolojia wetu wa Ruaha-Rungwa, yaani Hifadhi ya Ruaha na mapori yanayopakana nayo. Sensa ya 2013 ilitoa tembo 20,090. Ya 2014 ikatoa 8,272. Iliporudiwa 2015 wakapatikana 15,836. Nikiziandika ubaoni, wanafunzi wa kidato cha nne huuliza: hao elfu saba na zaidi wametoka wapi kwa mwaka mmoja?

Ni swali zuri sana. Tembo wa mwaka huu ni wa mwaka jana, ongeza waliozaliwa na waliohamia, toa waliokufa na waliohama. Tembo hubeba mimba miezi 22 hivi, na hata penye malisho, maji na amani huongezeka kwa takriban asilimia 7 tu kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, 8,272 wangefika kama 8,850. Uzazi hauwezi kuleta 15,836. Basi ama tembo walihama, ama hesabu moja iliwakosa wengi au nyingine iliwazidisha.

Na kuwakosa ni rahisi. Ndege hupita chini kwenye mistari iliyopangwa, na mhesabuji huhesabu wanyama walio kati ya fito mbili zilizofungwa kwenye nguzo ya bawa. Hicho ni kipande kidogo cha pori. Sehemu iliyobaki inakadiriwa, kwa kanuni za takwimu alizoandika mtaalamu aitwaye Jolly mwaka 1969. Lakini tembo hutembea kwa makundi. Kundi kubwa likiwa ndani ya mstari, makadirio yanapanda; likiwa nje kidogo, yanaanguka. Aliyewahi kupenya vichaka vya Itigi anajua kuwa tembo anaweza kusimama hatua chache tu kutoka kwako usimwone. Sembuse aliye angani!

Ndiyo maana wataalamu huambatanisha kila makadirio na kiasi cha kukosea, yaani idadi halisi inaweza kuwa chini au juu ya hapo kwa kiasi gani. Kiasi hicho kimo kwenye ripoti zao, ila gazetini hakifiki. Wala sisemi ujangili ulikuwa uzushi. Nchi nzima ilishuka kutoka tembo 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014, na anguko kubwa namna hiyo huwezi kulisingizia makosa ya kuhesabu. Msomaji anastahili kupewa njia ya kutofautisha anguko la kweli na yumbayumba ya sensa.

Ombi langu kwenu: mkichapa idadi ya wanyama, chapeni pia kiwango cha chini na cha juu, mwezi wa sensa, na sensa mbili tatu zilizotangulia. Ni mstari mmoja wa ziada.

Kwa TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, nina ombi jingine. Watendaji wetu wa vijiji hujaza fomu za kifuta jasho, yaani pesa ambazo serikali humpa mkulima, kila tembo wanapoharibu mazao. Fomu hizo ziongezewe nafasi ya ukubwa wa kundi na idadi ya ndama wadogo. Mkulima anayelinda shamba anamjua ndama wa chini ya mwaka: bado anapita chini ya tumbo la mama yake. Kumbukumbu hizo hazitachukua nafasi ya ndege, ila zitasaidia kukadiria uzazi katika ile miaka ambayo ndege hairuki.

Mwalimu wa Hisabati,
Manyoni, Singida