Usimpe Kijana Wetu Kahawa

Tanga, Jumapili asubuhi

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, mama anakusalimu na anauliza lini utavuka mpaka uje umwone. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili jana usiku. Nimeamka nikakaa kuandika kabla ya chai, maana unanijua, nikisema nitaandika baadaye ndiyo imetoka.

Unasema mwalimu amelalamika tena kwamba kijana wetu hatulii kitini na hamalizi kazi, na kuna mtu amekushauri umpe kahawa: akitulia au akisinzia, basi ana ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kuwa makini. Umempa asubuhi tatu, unaona katulia, ukanikumbuka mimi mwenye ADHD.

Nakuomba usimpe tena. Na sababu zangu ni hizi.

Unakumbuka bwenini, wenzetu wakinywa kahawa wakeshe na madaftari, mimi kikombe kimoja tu nimelala juu ya meza. Hata nyumbani nilikuwa nakunywa vijikombe vinne vya kahawa chungu na kashata saa nne usiku, kisha huyo kitandani. Nilipofika kwa daktari nikiwa na miaka 34, hilo ndilo nililoanza nalo, nikiamini nimempelekea ushahidi. Hakuliandika. Aliniuliza utoto wangu, shule, kazi, fedha, vitu ninavyopoteza, na haya yote yalianza lini. Siku ile niliudhika. Nikaenda kusoma mwenyewe.

Kumbe ubongo ukiwa macho hujikusanyia kitu kiitwacho adenosini, nacho ndicho kinachotuletea uzito wa usingizi. Kafeini, kile kichangamsho cha kahawa na chai, huwahi kukalia vipokezi vyake, yaani pale adenosini inaponasia kwenye ubongo, kama abiria aliyewahi kiti cha daladala. Adenosini haijaondoka, imesimama tu inangoja, ndiyo maana kafeini ikiisha uchovu unakurudia wote. Sasa, baadhi ya vipokezi hivyo vimepakana na vya dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia hamu na umakini, na adenosini ikizuiwa, dopamini hupata nguvu kidogo. Dawa za ADHD kama methilfenideti hufanya kazi kwenye dopamini na noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo, zenyewe. Kafeini inapitia mlango wa uani. Kwa hiyo sikuwa najidanganya niliposema kahawa inanipunguzia kelele za kichwani. Inazipunguza. Kuna wenzangu wengi wenye ADHD wanaosema hivyohivyo, na wengine inawapa mapigo ya moyo na wasiwasi mtupu. Na ule usingizi wangu wa juu ya daftari, leo nikiutazama, naona nilikuwa na deni la usingizi la wiki nzima. Wengi wetu saa ya mwili huchelewa, tunalala usiku wa manane na kuamshwa alfajiri. Kikombe hakilipi deni hilo.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni hili. Mwaka 1973 daktari mmoja Marekani, Robert Schnackenberg, aliandika kwamba kafeini ingeweza kushika nafasi ya dawa kwa watoto wasiotulia. Watu walitamani sana iwe kweli, kama unavyotamani wewe. Ilipojaribiwa kwa uangalifu, kafeini ilishindwa na dawa zenyewe, na mara kadhaa haikuzidi kidonge kisicho na dawa ndani. Kisha mwaka 1978 Judith Rapoport na wenzake walitoa taarifa ya wavulana wasio na tatizo lolote, waliopewa dawa ya kuchangamsha ya jamii ya amfetamini. Nao walitulia, nao wakawa makini zaidi. Hapo nilisimama nikasoma upya. Kama hata mtoto asiye na ADHD hutulia kwa dawa yenye nguvu kuliko kahawa, basi kutulia kwa kijana wetu asubuhi tatu hakukuambii kama anayo au hana.

Halafu mtazame umbo lake. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula inataja miligramu 3 kwa siku kwa kila kilo ya mtoto. Yeye ana kilo 25, ni miligramu 75, na kikombe kikubwa cha kahawa kinaweza kupita hapo, hujahesabu chai ya rangi ya jioni. Kwa mtu mzima nusu ya kafeini hubaki mwilini muda wa saa tano hivi. Mtoto akikosa usingizi, kesho yake anahangaika, anasahau, hamsikii mwalimu. Utakuwa umemwongezea yaleyale unayoyatafutia jina.

Mkatie tu. Akilalamika kichwa siku moja mbili, huenda ni kahawa inayomtoka; mimi hunipata kila Ramadhani nisipoanza kupunguza tangu katikati ya Shaabani.

Mpeleke kwa daktari wa watoto anayejua mambo haya. Wanatafuta dalili zilizodumu miezi sita au zaidi, zilizoanza kabla ya miaka 12, zinazoonekana shuleni na nyumbani pia. Kwa hiyo mwombe mwalimu akuandikie anachokiona, nawe andika cha nyumbani: analala saa ngapi, anaamkaje. Macho na masikio yapimwe pia. Na akija kuandikiwa dawa, mwambie daktari kila anachokunywa. Mimi niliwahi kumeza kidonge juu ya vikombe vitatu, moyo ukanienda mbio mpaka adhuhuri na mikono ikawa haishiki kalamu.

Na nakusihi, mwalimu akilalamika mbele yake, usimwite mtukutu. Mimi niliitwa mzembe tangu darasa la pili, na mpaka leo nikisahau funguo naisikia sauti ile.

Ijumaa nakuja kwa basi la asubuhi, nitapita Horohoro, nadhani mchana nimefika Mombasa. Niwekee madaftari yake, yote, hata yaliyochanika. Nataka nikae naye.

Ni mimi, somo yako.