Barua ya wazi kwa daktari wa mifugo wa halmashauri yetu: ndege wetu wapimwe kinyesi kwanza

Daktari, salaam kutoka Nkuhungu. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si langu peke yangu. Mtaani kwetu hukosi banda la njiwa au kuku nyuma ya nyumba.

Mwezi wa pili, mvua ikiwa bado inanyesha, njiwa wangu 12 walianza kukonda. Ukimshika mmoja, mfupa wa kidari unakuchoma kiganjani kama mgongo wa kisu. Choo chepesi, cha kijani. Nikaenda duka la dawa za mifugo. Kijana wa kaunta hakuuliza ni ndege gani. "Minyoo hiyo, mzee," akanimiminia albendazo, ile ile nyeupe ya mbuzi, kwenye chupa ya maji ya kunywa. "Wape kila siku mpaka wachangamke."

Nikawapa siku tano. Wiki iliyofuata walikufa saba. Wa saba nilimpasua kwa wembe juu ya karai, nikaufungua utumbo wote kuanzia firigisi mpaka mwisho. Sikukuta mnyoo hata mmoja. Ama dawa iliwatoa, ama hawakuwemo tangu mwanzo. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba njiwa hawaimudu albendazo, wala fenbendazo ambayo ni dawa ya minyoo ya jamii hiyo hiyo, kama kuku. Ikizidi huharibu uboho unaotengeneza damu, na ndege hufa siku kadhaa mbele, wewe ukisubiri apone.

Tena kukonda si lazima iwe minyoo. Koksidia, kimelea kidogo cha utumbo ambacho si mnyoo, nacho hukondesha, na dawa ya minyoo haikigusi. Hata hao minyoo hawafanani: piperazini, dawa nyingine ya minyoo, huwatoa minyoo duara wakubwa, tegu akabaki amejishikiza pale pale. Jirani yangu alipoteza bata mzinga kwa kuwafuga pamoja na kuku. Kuna kijinyoo cha utumbo wa kuku, kuku mwenyewe hakimsumbui sana, ila mayai ya kijinyoo hicho hubeba kimelea kinachoozesha ini la bata mzinga. Lisimulie hilo kijiweni uone watakavyokucheka.

Ombi langu ni hadubini moja, asubuhi moja kwa wiki. Haihitaji maabara kubwa: kinyesi kibichi, maji yaliyotiwa chumvi mpaka haiyeyuki tena, mayai ya minyoo yanaelea juu, unayanasa kwenye kioo. Mpwapwa, ndani ya mkoa huu huu, kuna kampasi ya LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo; vijana wanaohitaji mafunzo kwa vitendo wapo. Na wenye maduka waambiwe, kabla ya kushika chupa, waulize swali moja tu: ni ndege gani?

Usituambie jua la Dodoma linatosha. Kweli mayai ya minyoo hukaushwa na jua, lakini chini ya chombo cha maji kinachovuja hapakauki hata mwezi wa tisa, na ndipo njiwa wanaposhinda wakidonoa. Langu hilo nimelirekebisha, chombo sasa kiko juu ya wavu.

Waliobaki ni watano. Jumatatu nitafika ofisini na kinyesi chao kwenye kikopo chenye mfuniko, tarehe na saa nimeandika. Naomba nisiambiwe nikakitupe.

Mfugaji wa njiwa,
Nkuhungu, Dodoma