Mafuta ya CBD na wazee wetu wanaosahau

Mhariri, salaam kutoka Chang'ombe hapa Dodoma. Naomba nafasi maana kwenye magrupu ya WhatsApp siku hizi kuna watu wanauza vichupa vya mafuta ya CBD, wanasema yanaponya Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaowasahaulisha wazee, kabisa, eti mzee anarudi kukumbuka majina ya wajukuu wote, na bei yake sasa, we acha tu.

Sikatai kwamba kuna kitu. CBD inatoka kwenye bangi lakini siyo ile THC inayolewesha, na kwa panya wa maabara imeonekana kupunguza uvimbe kwenye ubongo, siyo ule wa saratani. Marekani mwaka 2018 walipitisha dawa ya CBD inaitwa Epidiolex, ila ile ni ya kifafa, tena vile vya nadra vinavyoanzia utotoni. Kwa Alzheimer hawajapitisha, majaribio kwa binadamu bado ni madogo. Sasa muuzaji katoka kwa panya kafika kwa bibi yangu, katikati hapo kapita wapi?

Halafu CBD inagombana na dawa zingine. Mzee anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ukimchanganyia na hayo mafuta warfarin inaweza kuzidi mwilini akaanza kuvuja damu, na ini nalo linaweza kuumia. Muuzaji hakuulizi mzee anatumia dawa gani, anakuuliza unalipa kwa M-Pesa au keshi. Na humo kwenye chupa THC imo kiasi gani nani anajua, na sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 kwenye bangi haina mchezo jamani.

Kwanza nani kasema ni Alzheimer? Kusahau kunaletwa na mengi, thairoidi, upungufu wa vitamini B12, sonona, hata vidonge vya usingizi, na mengine hapo yanatibika. Huku kwetu mzee akipotea njia akitoka soko la Majengo wanasema karogwa, akiwa bibi ndo mchawi mwenyewe, wakati Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko hapa hapa mjini. Tatizo Mirembe tumeigeuza tusi, mtu akibishana na mwenzie anamwambia nenda Mirembe, sasa nani atampeleka mama yake huko mchana watu wanaona?

Ombi langu, madaktari wa Mirembe na wa hospitali ya Benjamin Mkapa waje redioni waongee Kiswahili cha kawaida, mzee akianza kusahau aanzie zahanati gani na apimwe nini. Na TMDA, mamlaka ya dawa, wapitie hayo magrupu, namba za wauzaji ziko wazi kabisa.

Mlezi wa mzee,
Chang'ombe, Dodoma