YAH: Kitufe chenu cha "Toka" hakimtoi mtu, na kuki zenu zimemwanika mteja wangu

Habari za kazi huduma kwa wateja,

Mi nina steshenari hapa Chikongola, Mtwara, kompyuta mbili na printa, watu wanakuja kuchapa, kujaza fomu, na wengine nawaagizia vitu kwenye saiti yenu. Jumanne alikuja mzee mmoja katoka Nanyamba, tukamuagizia mashine ya kupulizia mikorosho, tulivyomaliza nikabonyeza Toka kwa mkono wangu mwenyewe. Haijapita nusu saa akakaa binti wa chuo pale pale, kafungua saiti yenu aangalie mabegi, juu kabisa ikaja "Karibu tena" na jina la mzee, kubonyeza tu ikatoka namba ya simu na oda yote mpaka bei. Akaniuliza, "Kaka, huyu mzee ndo nani?" Nilikosa pa kuweka uso.

Nilivyowapigia mkaniambia futa kuki. Nimefuta, nikatolewa na kwenye mifumo mingine yote niliyokuwa nimeingia, ila hilo sio jibu jamani. Kuki ni kama stakabadhi ya ghalani, unapeleka korosho unapewa kikaratasi chenye namba, mzigo wenyewe unabaki kule. Seva yenu inaipa brauza namba, kila ukurasa ukifunguliwa brauza inaionyesha ile namba mnajua huyu ni fulani, maana bila hivyo saiti haimkumbuki mtu hata dakika moja. Sasa mtu akibonyeza Toka ile namba inatakiwa ife huko huko kwenu, nyie mnabadilisha ukurasa tu, namba iko hai. Na kabla sijafuta niliiangalia kwenye mipangilio ya brauza, mmeiwekea uhai wa mwaka mzima! Kompyuta ya steshenari hiyo.

Alafu pale pale nikakuta kuki za kampuni za matangazo ambazo saiti zao sijawahi hata kuzigusa, zimepitia mlangoni kwenu. Kumbe ndo maana kila aliyekaa pale alikuwa anatangaziwa mashine za kupulizia, mpaka watoto wa sekondari waliokuja kutafuta mitihani ya nyuma. Nikasema ngoja nikatae, Kubali Zote ni kijani kikubwa kama bango, kukataa mmekuficha ndani kabisa kwa maandishi ya kijivu, na nilivyofanikiwa kukataa kikapu kikawa kinajifuta kila nikihama ukurasa. Hapo ndo mmenikera. Lou Montulli wa Netscape alivyobuni kuki mwaka 1994 kikapu cha manunuzi ndo ilikuwa kazi yenyewe, matangazo yamekuja kudandia baadaye, nyie mmezifunga fungu moja ili asiyetaka kufuatiliwa asinunue.

Nataka Toka imtoe mtu kweli, kitufe cha kukataa kikae pembeni ya kile cha kubali, na mniandikie barua ya kumwomba radhi yule mzee, nitamsomea mwenyewe akija kufuata mzigo wake. Zikipita wiki mbili kimya naenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria ipo ya mwaka 2022 na imeanza kazi toka tarehe 1 Mei 2023. Picha za skrini nimeambatanisha, jina la mzee nimeliziba, walau mimi nimeliziba.

Mteja wenu,
Steshenari, Chikongola